Tupeni orodha zenye latitudo na longitudo, ramani tutachora wenyewe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ramani za mji wetu wa Mombasa, na namna zinavyotolewa kwa wananchi. Mimi ni mwalimu wa jiografia na hisabati katika shule moja ya upili huku Kisauni, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa chama chetu cha jiografia kutengeneza ramani kwa lugha ya programu iitwayo R. Ninaandika kwa sababu vijana hawa wamefika mahali ambapo ujuzi wanao, vifaa vya kuanzia wanavyo, ila data ya mji wao wenyewe wanaishia kuitazama tu, imefungiwa ndani ya picha.

Chukua ripoti ya mipango inayohusu maji, afya, taka au mitaro ya maji ya mvua. Mara nyingi kwenye kurasa za mwisho utakuta ramani: mipaka ya wadi, vitone vyekundu vimetapakaa, mshale wa kaskazini pembeni. Ukiivuta karibu kwenye simu, majina yanakuwa ukungu. Ukitaka kujua kitone kile cha Mtopanga ni zahanati yenye maabara au ni chumba kimoja cha kutolea chanjo, ramani haina la kukuambia. Na yule aliyeichora alikuwa na jedwali lenye habari zote hizo. Kila kitone kwake kilikuwa mstari wenye jina, aina, latitudo na longitudo. Alipoigeuza kazi yake kuwa picha, habari zikabaki kwenye tarakilishi yake, sisi tukapewa madoa.

Ramani ninayoizungumzia mimi ni ya namna nyingine. Inafunguka kwenye kivinjari cha simu. Unaisogeza kwa kidole, unaikaribia mpaka ukione kichochoro chako, unagusa kitone na kidirisha kinafunguka kukueleza: hiki ni kisima cha msikiti, maji yake ni ya chumvi, mtungi wa lita 20 huuzwa kwa bei hii, lango hufunguliwa baada ya swala ya alfajiri. Unaweza kuficha visima vyote ukabakisha vioski vya maji ya bomba peke yake, ukaona mtaa gani hauna hata kimoja. Mtu anaiuliza ramani swali lake mwenyewe, ambalo mchoraji hakulifikiria, na ramani inamjibu.

Watu wakisikia haya hudhani ni kazi ya kampuni kubwa na ya fedha nyingi. Sivyo. R ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na walimu wawili wa takwimu, Ross Ihaka na Robert Gentleman, katika Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni programu huria, hailipiwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoundwa. Kwa ramani za kubofya inategemea Leaflet, programu ya kuonyesha ramani kwenye kivinjari, kazi ya Volodymyr Agafonkin wa Kyiv, Ukraine, aliyeitoa mwaka 2011 kwa JavaScript, lugha ya programu za kurasa za mtandao. Kipo kifurushi cha R, yaani mkusanyiko wa amri za ziada, chenye jina hilohilo, nacho humwezesha mtu asiyejua JavaScript hata kidogo kuitumia. Picha ya chini yenye barabara na majengo hutoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, ambao huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Mkazi wa Mwandoni anayeona njia ya mtaa wake haimo anaweza kuiongeza leo jioni.

Picha hiyo huja kwa vigae vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256. Katika kiwango cha sifuri, yaani ukiwa mbali kabisa, dunia nzima ni kigae kimoja. Kila ukikaribia hatua moja, kila kigae hugawika vinne. Ukifika kiwango cha 18, ambapo unaweza kuhesabu paa za Kibokoni, dunia nzima ina vigae zaidi ya bilioni 68, lakini simu yako huitisha vile vichache tu vinavyoenea kwenye kioo. Wanafunzi wangu huipenda sana hesabu hii. Walikuwa wamesoma vipeo ubaoni bila kujua vinafanya kazi gani, na sasa wanakokotoa 4 kwa kipeo cha 18 ili wajue simu zao zinaepushwa mzigo gani.

Mtu akishakuwa na jedwali, mistari ya kuandika ni michache. Amri ya leaflet hufungua uwanja, addTiles hutandaza vigae, addCircleMarkers huweka vitone na kuviagiza viseme nini vikiguswa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu huimaliza kwa kipindi kimoja. Kazi yenyewe iko kwenye jedwali.

Tulianza na maji, maana ndiyo shida ya kila nyumba wanayotoka. Maji ya bomba ya Mombasa husafiri: hutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na Tiwi upande wa Kwale. Hayautoshi mji, na bomba likikauka watu hurudi kwenye visima vya mtaani na kwa wauza maji wa mikokoteni. Vijana waligawana Mshomoroni, Barsheba na Mwandoni, wakaenda wawili wawili baada ya masomo, kwa idhini ya wazazi wao na ya wenye visima. Kila mahali waliandika mambo yaleyale: jina ambalo watu wa hapo hulitumia, aina, tamu au chumvi, bei ya mtungi, saa za kufunguliwa, na mahali penyewe kwa latitudo na longitudo kutoka kwenye simu. Niliwasisitizia waandike tarakimu tano baada ya nukta. Tano hufikia kipimo cha kama mita moja, ingawa simu yenyewe hukosea mita kadhaa, na zaidi ukiwa katikati ya kuta ndefu. Mbili peke yake ni hatua ya zaidi ya kilometa moja, na kisima cha Barsheba kitaonekana mtaa mwingine kabisa.

Ramani ilipokamilika tulimpelekea mzee wa mtaa mmoja. Aliishika simu, akaisogeza huku na huku kwa muda, kisha akawauliza vijana, "Wanangu, kisima cha nyuma ya madrasa mbona hamkukitia?" Akainuka akawapeleka. Mama anayekaanga mahamri kando ya njia naye akataka kuona. Akasema bei iliyoandikwa kwa kioski cha kona ni ya wakati wa masika, na kiangazi hupanda, kwa hivyo ziandikwe zote mbili. Vijana wakaongeza safu ya pili ya bei, wakaendesha mistari yao upya, ramani ikawa sahihi zaidi kuliko ilivyokuwa asubuhi. Mhariri, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hakuna ramani ya ripoti niliyowahi kuiona ambayo mama wa mahamri aliweza kuisahihisha.

Na jiografia yenyewe inaingia akilini kwa njia ambayo ubao hauwezi. Mombasa iko nyuzi 4.05 kusini mwa ikweta na 39.67 mashariki. Katika R, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Mwanafunzi akiisahau alama hiyo, kisima chake kinaruka mpaka ndani ya Ethiopia, ng'ambo ya Moyale. Na kwa kuwa sisi walimu huzoea kutaja latitudo kwanza, ilhali kifurushi hiki hudai longitudo kwanza, wapo waliozibadilisha nafasi: Mshomoroni ikaenda kutokea Uhispania, karibu na mji wa Toledo. Darasa zima lilisimama kuangalia. Tangu siku hiyo sijahitaji kumweleza yeyote kati yao kwa nini ikweta ina pande mbili na kwa nini mpangilio wa namba una maana.

Lakini kuna somo moja ambalo ni letu watu wa Mombasa hasa, na ambalo naomba wapangaji wa mji walitazame kwa makini. Katika vitabu vya mipango hupenda kuchorwa maduara. Unachukua kituo cha afya, unakizungushia duara la kilometa mbili au tatu, na wote walioko ndani unasema wana huduma karibu. Amri ya kuchora duara hilo katika R ni neno moja na namba ya mita. Wanafunzi walilichora kwenye kituo kilichoko Tudor, na duara likavuka mkondo likafunika sehemu ya Mshomoroni. Kwa mujibu wa duara, mama mjamzito wa Mshomoroni anatibiwa Tudor. Kwa miguu yake, mama huyo lazima aingie Kisauni, ateremke Kongowea, avuke daraja la Nyali, aingie kisiwani, ndipo ageuke kurudi Tudor. Duara limemvusha maji bila mtumbwi.

Likoni ni vivyo hivyo. Pale kivukoni mkondo una upana wa nusu kilometa hivi. Kwenye ramani, duara linalochorwa kutoka Ganjoni linaingia Likoni kana kwamba maji hayapo. Mtu wa Likoni anajua kilichoko hapo katikati: foleni, feri, na siku ambazo feri inachelewa, au azunguke njia ya Dongo Kundu. Mji uliojengwa juu ya kisiwa na kuzungukwa na mikondo haupimwi kwa mstari mnyoofu. Kwa hivyo tuliyaacha maduara. Kipo kifurushi kiitwacho osrm ambacho huuliza njia za barabara zilizomo kwenye OpenStreetMap na kurudisha umbali na dakika. Kwa kivuko, wanafunzi waliongeza muda wa kusubiri kwa makadirio ya wazazi wanaovuka kila siku kwenda kazini. Ramani ya dakika iliyotokea haikufanana hata kidogo na ile ya maduara. Mshomoroni na Tudor zikaachana. Timbwani na Shika Adabu zikasogea mbali sana na kisiwa, na ndivyo wakazi wake wanavyoishi.

Yapo pia mambo ya rangi, ambayo msomaji wa ramani anapaswa kuyajua hata kama hataandika mstari mmoja wa programu. Katika sensa ya 2019 kaunti yetu ilikuwa na watu 1,208,333. Kisauni walikuwa 291,930, Likoni 250,358, na Mvita, ambako ndiko zilikojaa ofisi na hospitali kubwa, 154,171. Ukipaka rangi kwa idadi ya vituo vya afya, Mvita itang'aa. Ukipaka kwa vituo kwa kila watu elfu kumi, picha inakuwa nyingine na swali linakuwa jingine. Halafu kuna ukubwa wa eneo. Wadi ya Mwakirunge ni pana na watu wake wametawanyika. Majengo ni kidogo na imeshonana. Jicho hufuata eneo, kwa hivyo rangi ya Mwakirunge huonekana kuwa ndiyo hali ya kaunti nzima, na Majengo yenye umati wote ule hubaki doa. Ramani ya kubofya husaidia hapo, maana unaigusa wadi ikakupa idadi ya watu wake waziwazi. Lakini mchoraji naye ana wajibu. R humpa njia zaidi ya moja ya kugawa makundi ya rangi. Akizigawa wadi zetu 30 katika makundi matano ya wadi sita sita, siku zote zitakuwepo wadi sita za rangi nzito kabisa, hata kama zimezipita zinazofuata kwa tofauti ndogo mno. Nawaambia wanafunzi wangu waandike chini ya ramani makundi yamegawanywaje. Ningependa ripoti zetu za umma nazo ziandike.

Walimu wenzangu huniuliza kwa nini tusumbuke na mistari ya programu ilhali zipo tovuti za kubandika vitone kwa kidole. Ukibandika kwa kidole, kazi hiyo haina kumbukumbu. Mwaka ujao orodha ikibadilika unaanza upya, na hakuna ajuaye ulifanya nini mwaka jana. Mistari ya R hubaki. Orodha mpya ikija, unabadilisha faili moja, unaendesha tena, ramani nzima inajirekebisha. Na mtu asiyekubaliana na matokeo yako anaweza kuisoma mistari yako mmoja mmoja akaonyesha ni wapi ulipokosea. Nataka vijana wetu wazoee kufanya kazi ambayo inaweza kukaguliwa. Zaidi ya hayo, R ni lugha ya takwimu kwanza, ramani zilikuja baadaye. Jedwali lilelile la visima linalochora vitone ndilo linalotoa wastani wa bei ya mtungi kwa kila mtaa, na ndilo linaloonyesha kama maji ya chumvi huongezeka unapokaribia mkondo.

Kuhusu vifaa, sitaki kudanganya kwamba kila shule iko tayari. Lakini R huenda kwenye tarakilishi za kawaida, hata zilizotumika, na ramani ikishakamilika huhifadhiwa kama faili moja la HTML, yaani ukurasa wa kivinjari, ambalo hutumwa kwa WhatsApp kama picha au wimbo. Anayelipokea analifungua kwenye simu. Vigae vya chini huhitaji bando, ila vitone, mipaka na vidirisha vimo ndani ya faili lenyewe. Wanafunzi wangu hushirikiana tarakilishi moja watu watatu, mmoja akiandika, mmoja akisoma jedwali, mmoja akikagua. Sijaona hasara yoyote katika mpango huo.

Wapo wanaohofia kwamba data ikitolewa itadhuru watu, na hofu yao ina msingi. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua zaidi ya watu 500 kwa siku chache katika mtaa wa Soho, London, daktari John Snow aliweka alama kwenye ramani kwa kila kifo, mbele ya nyumba kilikotokea, na alama zikarundikana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Data yake imo hadi leo ndani ya kifurushi cha R kiitwacho HistData, na huwa naitumia darasani. Lakini pia huwauliza wanafunzi: je, sisi leo tungeweka mlango wa kila mgonjwa wa Kisauni kwenye ramani ambayo jirani yeyote anaweza kuigusa? Hapana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, heshima ya mtu haijengwi na sheria peke yake. Wagonjwa huhesabiwa kwa wadi, nyumba haionyeshwi. Mwenye kisima cha ndani ya ua asiyetaka wageni hatutii kisima chake. Msichana mmoja wa chama chetu ndiye aliyesema majina ya wenye visima yaondolewe yote, hata ya waliokubali, kwa kuwa huenda wakabadilisha nia baada ya faili kusambaa. Tuliyaondoa.

Ninachoomba basi hakigusi siri ya mtu. Zahanati ya umma si siri. Kioski cha maji, mtaro, jaa la taka, taa ya barabarani, shule ya chekechea, kituo cha zimamoto: hivi ni vitu vya umma, vimejengwa kwa kodi zetu, na mahali vilipo panaonekana na kila apitaye. Niliwahi kuiandikia ofisi moja ya umma nikiomba orodha ya namna hiyo. Nilipokelewa kwa adabu, nikapewa nakala za karatasi zilizopigwa picha, majina matupu bila mahali. Vijana walikaa alasiri nzima wakinakili kwa mkono, na baada ya hapo bado hawakujua nusu ya majina yale yako mtaa gani, maana mitaa yetu ina majina ya wenyeji ambayo hayamo kwenye hati. Nguvu hiyo yote ingetumika kufikiri.

Kifungu cha 35 cha Katiba yetu kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Nasema ofisi isingoje kuombwa. Kila ripoti inapotolewa ikiwa na ramani, jedwali lililozaa ramani hiyo litolewe pamoja nayo: faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo karibu simu janja yoyote inaweza kulifungua, lenye jina rasmi, jina la mtaani, aina, hali, tarehe ya kukaguliwa, na latitudo na longitudo kwa tarakimu tano. Mipaka ya wadi itolewe kama faili la GeoJSON, ambalo huandika mipaka kwa namba za longitudo na latitudo, si mchoro. Anayetengeneza ripoti anavyo vyote hivi tayari. Ni suala la kuambatanisha faili.

Na wengine wameshaonyesha kwamba inawezekana. Kibera kule Nairobi, ambayo kwenye ramani nyingi ilionekana kama nafasi tupu, ilichorwa na vijana wake wenyewe kuanzia mwaka 2009 kwa mradi wa Map Kibera. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora mitaro na nyumba za mabondeni ambako mafuriko hupita. Mji wetu nao una mitaro, una mabonde, una mvua ya Mei ambayo kila mwenyeji anaijua. Vijana wa kuitembea mitaa hii tunao pia.

Wasomi wataniambia kazi hii iachiwe wataalamu wa upimaji. Nawaheshimu wapimaji, na ningependa waje darasani kwetu. Mpaka wa shamba ni kazi yao na hatuigusi. Lakini kujua kioski gani cha Barsheba kimefungwa tangu bomba lipasuke ni elimu ambayo mtoto wa Barsheba anaikusanya akienda shuleni. Elimu hiyo ina haki ya kufika kwenye ramani, na ikifika iandikwe kwa Kiswahili. Vidirisha vyetu vyote tumeviandika kwa Kiswahili, na bibi za wanafunzi wamevisoma bila kumwita mtu awatafsirie.

Orodha ya kwanza tunayoiomba ni ya vituo vya afya vya umma katika maeneo yote sita, Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, kila kituo pamoja na siku zake za kliniki ya wajawazito na ya watoto. Wanafunzi wamekwisha kuandaa jedwali lenye safu hizo na mistari ya R ya kulisoma. Safu bado ni tupu. Wakipewa orodha hiyo Jumatatu, ramani itakuwa kwenye simu za wazazi wao kabla ya Ijumaa. Na mwalimu yeyote wa Mombasa anayetaka mistari hiyo aitumie katika shule yake tutampa bure, pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili kando ya kila amri.

Mwalimu wa Jiografia,
Mshomoroni, Kisauni,
Mombasa